Klachi ya Massey Ferguson 135: anza na pedali
Kubadili klachi ya Massey Ferguson 135, trekta lililoingia sokoni miaka ya 1960, kunalazimu kuligawa katikati, injini huku, giaboksi kule. Ndiyo maana kukisia ni ghali. Injini ikivuma huku jembe likizubaa, klachi inateleza. Gia zikikwaruza pedali ikiwa chini, haiachii. Fundi atasema trekta zee, diski imekwisha tu. Huenda. Lakini pedali isiyo na nafasi hata kidogo ya kucheza huiacha beringi ikiisukuma klachi muda wote, na diski mpya nayo itaungua vilevile. Kurekebisha hilo ni kazi ya spana. Chungulia pia tundu lililo chini ya klachi: likidondosha oili, kuna sili inayovuja, na hapo, kwa bahati mbaya, trekta lifunguliwe.