Majina Husomwa Kwanza: Safari ya Sinema Kutoka Litein

Bonasi ya chai ikishaingia mwezi wa Oktoba, simu za watu wa Kericho na Bomet huwa hazipoi. Kuna karo, deni la dukani, mbolea, mabati ya jikoni. Halafu, kikibaki kitu, watoto wanakumbusha ile ahadi ya mwaka mzima: "Baba, si ulisema tutaenda sinema?"

Tulikaa na mteja wetu mmoja wa Litein, karani wa kituo cha kununulia chai. Majirani humwita Mzee wa Picha, ingawa hajafika hata miaka 40. Kwake yeye, kuona filamu mpya kwenye skrini kubwa ni safari ya Nairobi, zaidi ya kilomita 200, kwa hivyo hachagui ovyo ovyo. Tulimwomba maoni yake kuhusu filamu za karibuni. Alitupa hayo, na akatupa pia hadithi moja ya pesa ambayo hatukuitarajia.

Filamu tatu, maoni matatu

Alianza na *Mufasa: The Lion King*, filamu ya Barry Jenkins iliyotoka Desemba 2024, shule zikiwa zimefungwa. "Picha ni safi sana, unaweza kuhesabu manyoya ya simba," alituambia. "Lakini nyimbo hazikunikaa kichwani kama zile za 1994." Kilichomfurahisha zaidi ni majina. Yule simba ambaye baadaye ataitwa Scar, kumbe alipokuwa mtoto jina lake lilikuwa Taka! "Safu yetu yote ilicheka. Mzazi gani anamwita mtoto wake Taka?" Na ile nchi nzuri wanayoitafuta inaitwa Milele. "Hapo niliwaambia watoto, tutafika milele na milele, kwa sababu safari yenyewe ilikuwa ndefu."

Ya pili ni *The Wild Robot*, ya 2024 pia. Roboti anaitwa Roz, na sauti yake ni ya Lupita Nyong'o. Anajikuta kisiwani peke yake na anaishia kulea kifaranga cha bata bukini. "Sikujua naweza kulia kwa sababu ya mashine," alisema. "Lakini fikiria. Anamlea mtoto asiyemzaa, hana mwongozo, anajifunza akikosea. Nani hapa kwetu hajalelewa na shangazi au nyanya?" Kati ya hizo mbili za watoto, hii ndiyo anayoiweka juu.

Ya tatu ni yetu wenyewe: *Nawi*, iliyotoka 2024. Ni hadithi ya msichana wa Turkana anayetaka kwenda sekondari huku baba yake akimwoza kwa mifugo. Hadithi yenyewe ilianza kwa Milcah Cherotich, na Vallentine Chelluget ni mmoja wa waongozaji wanne. Kenya iliipeleka kushindania Oscar. "Mbuzi wanahesabiwa, ngamia wanahesabiwa, hata alama za mtihani zinahesabiwa," Mzee wa Picha alisema. "Mtoto mwenyewe ndiye haulizwi." Ana lawama moja, na si kwa waliotengeneza. Siku aliyoiona, viti vingi vilikuwa vitupu. "Tunalalamika hatuna filamu zetu. Zikija, hatununui tiketi."

Tiketi za nusu bei

Sasa tufike kwenye pesa. Safari ya *Mufasa* ilikuwa ya watu 11, wakubwa kwa watoto, na yeye ndiye aliyekusanya michango. Siku nne kabla ya kuondoka, mtu fulani aliweka tangazo kwenye kundi la simu: tiketi za vikundi, nusu bei, lipa kwa namba hii. Ilikuwa namba ya kawaida ya simu.

Akaingiza namba, akaandika shilingi 3,300. Jina lilipotokea, lilikuwa la mtu binafsi, si la jumba la sinema. Akampigia muuzaji. Akajibiwa, "Huyo ni keshia wetu, lipa haraka zinaisha." Hilo neno *haraka* ndilo lililomshtua. Akaghairi.

Lakini mama mmoja wa kikundi hicho, mchuma chai, alikuwa ameshaliona tangazo hilo hilo. Alitaka kumpunguzia karani kazi, kwa hivyo akalipa mwenyewe shilingi 900, yake na ya watoto wake wawili. Alipotupigia, ilikuwa jioni ya siku ya pili. Pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala.

Hatukuweza kumrudishia. Tunaandika hivyo waziwazi, kwa sababu wateja wengi huamini kwamba pesa ikienda vibaya sisi tunabonyeza tu kitufe na inarudi. Tukipata habari mapema, pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, tunaweza kujaribu kuizuia. Ikishakuwa noti mkononi mwa mtu, kinachobaki ni ripoti ya polisi.

Kabla hujalipia tiketi

- Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Ukilipa jumba la sinema kwa namba ya till, utaona jina la biashara. Ukiona jina la mtu, simama kwanza.
- Namba ya kulipia itoe kwa jumba lenyewe: dirishani kwao, au kwenye ukurasa wao rasmi. Usiitoe kwenye ujumbe uliosambazwa, hata kama aliyekutumia ni rafiki yako. Yeye pia ametumiwa tu.
- Mkiwa kikundi, mtu mmoja alipe, na wawili wengine waangalie jina pamoja naye.
- Ukikosea, tupigie dakika hiyo hiyo kwa namba rasmi ya huduma kwa wateja. Usingoje kesho, na usifute ujumbe wa malipo.
- PIN yako ni yako. Hata sisi hatutakuuliza.

Kikundi kilisafiri. Wenzake walichanga tiketi za watoto wale wawili. Walitaka kuchangia na ya mama yao, akakataa, akasema majani hayangoji. Watoto waliporudi usiku walimsimulia filamu nzima, na walipofika kwa Taka naye akacheka.

Mwaka huu amesema ataenda. Mzee wa Picha ameshamfundisha kanuni yake: kwenye sinema, majina huja mwisho na watu wanainuka bila kuyasoma. Kwenye simu, jina huja kwanza. Hapo usiinuke.