Kokeini ilivyokata breki za mastaa

MACHI 17, 1991 Napoli ilicheza na Bari kwenye Serie A. Baada ya mechi wachezaji wakatoa mkojo kwa vipimo, na wa Diego Maradona ukakutwa na kokeini. Akafungiwa miezi 15. Hakuichezea tena Napoli baada ya adhabu hiyo, timu aliyoipa ubingwa wa Italia 1987 na 1990.

Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba unga aliuanza akiwa Barcelona. Naples ratiba ikawa hivi: Jumapili mechi, kisha starehe hadi Jumatano, halafu anajisafisha kwa mechi ijayo. Mashabiki huuliza, mbona chenga alizipiga vilevile?

Swali zuri, ila mguu hauamui kitu. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayoanzisha mwendo na kuuzima, ikitegemea kemikali iitwayo dopamini. Kwa kawaida dopamini ikishafikisha ujumbe inarudishwa ilikotoka. Kokeini inaziba njia hiyo, dopamini inajaa, na mtu anajiona anaweza kukimbia mpaka kesho. Tatizo linakuja akizoea. Kwa mtumiaji wa muda mrefu, mawasiliano kati ya sehemu hiyo na ubongo wa mbele, unaozuia na kuamua, yanavurugika. Watafiti wameliona hilo kwenye picha za ubongo. Kuna na jaribio rahisi: unabonyeza kitufe, ghafla unapewa ishara uache. Watumiaji huchelewa kuacha kuliko wasiotumia.

Ipeleke hiyo uwanjani. Chenga kali ni ya kughairi. Straika kashainua mguu apige, anaona beki kajitupa, anauzuia na kuuvuta mpira upande wa pili. Yote hayo ndani ya nusu sekunde, tena pengine chini ya hapo. Breki ikichelewa kidogo tu, mpira umeenda, au mguu umetua kwenye ugoko wa mtu na kadi inatoka.

Kwa Maradona, kusema kweli, huwezi kutenganisha kilicholetwa na unga, umri na kile kifundo alichovunjwa 1983. Aliporudi alienda Sevilla, msimu mmoja, mechi 26 za ligi, mabao matano. Mwaka 2008, kwenye filamu ya Emir Kusturica, alimuuliza mwongozaji huyo kama anajua yeye angekuwa mchezaji wa namna gani bila kokeini.