Mpunga Unaomnyima Bakteria Sukari

Mwaka 2019 mashamba ya mpunga ya Dakawa, mkoani Morogoro, yalipata mgeni mbaya. Majani yalikauka kuanzia nchani, yakawa ya njano, kisha rangi ya majivu. Bakteria aliyehusika, Xanthomonas oryzae, si mpya Afrika. Ila huyu wa Dakawa alikuwa na vinasaba vya jamaa zake wa Asia.

Makazi yake ni mirija inayopandisha maji kwenye jani. Maji yapo tele humo, lakini chakula ni haba. Basi hutumia ujanja ambao, kusema kweli, humfanya mtaalamu amheshimu adui. Huingiza protini yake ndani ya seli za mpunga, nayo huenda hadi kwenye kiini, ikatafuta mfuatano fulani wa herufi za DNA ulio mbele ya jeni za SWEET, ikashika hapo na kuiwasha jeni. Jeni hizo hutengeneza milango ya kupitishia sukari nje ya seli. Jani linampikia uji mwizi wake!

Kila seli ya mpunga hubeba jeni zote, za mzizi, za jani na za punje. Kinachozitofautisha seli hizo ni jeni zipi zimewashwa, na wakati gani. Sehemu ya DNA inayofanya kazi ya swichi huitwa promota, na hapo ndipo protini ya bakteria hushika.

Ungeweza kusema: basi ziondolewe hizo SWEET. Lakini mpunga wenyewe unazihitaji kupeleka sukari kwenye punje, na ukiziharibu unavuna mapepe. Kwa hiyo watafiti hawakuzigusa jeni zenyewe. Kwa kutumia CRISPR, mbinu ya kuhariri DNA, walibadili herufi chache tu za promota, katika aina iitwayo Komboka (jina limepata mwenyewe), na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Protini ya bakteria inafika, haioni pa kushika. Ilibidi zibadilishwe promota tatu, za SWEET11a, SWEET13 na SWEET14, kwa sababu bakteria wa Afrika walizoea SWEET14 peke yake, ilhali wale wa Dakawa walikuja na ufunguo wa SWEET11a. Kufunga mlango mmoja kusingesaidia.

Wala mabadiliko ya namna hii hayakuanzia maabara. Zipo aina za mpunga zenye kinga iitwayo xa13, ambazo promota yao ya SWEET11a ilibadilika yenyewe zamani.

Sukari ndiyo siri ya kustahimili mafuriko pia. Mpunga wa kawaida ukizama hurefuka kwa pupa kuitafuta hewa, ukamaliza akiba yake ya sukari na kufa. FR13A, mbegu ya wakulima wa Odisha, India, ina jeni ya Sub1A, iliyotambuliwa mwaka 2006. Kazi yake ni kuamrisha jeni nyingine: maji yakifunika shamba, inazizuia zile za kurefusha shina. Mmea unatulia, unabana matumizi, na unaweza kukaa chini ya maji kama wiki mbili. Maji yakipungua, unaendelea kukua.