FIZIBULE INALINDA WAYA, HAILINDI MTU

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, kambini tunasikia mara nyingi maneno haya: "Fizibule imekatika tena. Weka kipande cha waya, tumalize kupika bukari." Kipande hicho kidogo kinaweza kuunguza nyumba nzima. Ili kuona sababu yake, jifunze hesabu moja ya umeme.

Fikiri maji yanayoanguka Mwadingusha, kwenye mto Lufira, mahali ambapo umeme ulianza kutengenezwa mwaka 1930. Nguvu inayosukuma, kwa umeme tunaiita volti. Wingi wa umeme unaopita tunauhesabu kwa amperi. Kizuizi njiani, kama wembamba wa bomba, tunakihesabu kwa ohmu. Mjerumani Georg Simon Ohm alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1827: gawanya volti kwa ohmu, utapata amperi. Kwa vyombo vya kupasha moto kuna njia fupi: soma wati zilizoandikwa juu ya chombo, uzigawanye kwa volti. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 220.

Haya, tuhesabu. Resho ya wati 2000 inavuta amperi 9. Birika la umeme la wati 1500 linavuta karibu 7. Pasi ya wati 1000 inavuta 4 na nusu. Kila chombo kina njia yake, lakini ukivichomeka vyote kwenye prizi moja, njia zote zinakutana katika waya mmoja. Waya huo unabeba jumla yao: amperi 20 na zaidi kidogo.

Kama waya huo ulipimiwa fizibule ya amperi 10, sasa unabeba mzigo mara mbili. Je, joto nalo linaongezeka mara mbili? Hapana, linaongezeka mara nne! Amperi zikizidi mara tatu, joto linazidi mara tisa. Plastiki inayofunika waya inalainika, nyaya zinagusana, na moto unawaka juu ya dari wakati watoto wamelala. Fizibule ilikatika ili kuzuia jambo hilo. Haikukosa kitu, ilifanya kazi yake. Ukiweka waya wa shaba mahali pake, umemfukuza mlinzi wa nyumba yako.

Lakini sikiliza vizuri: mlinzi huyo hakulindi wewe mwenyewe. Mwili wa mtu aliyelowa maji unaweza kuwa na ohmu 1000 tu. Gawanya 220 kwa 1000: amperi 0.22. Kwa fizibule ya amperi 10 hicho ni kitu kidogo sana, haitakatika. Kwa moyo wa mtu, amperi 0.03 tayari ni hatari, na 0.22 inaweza kuusimamisha. Kwa sababu hii mafundi wanaweka kikata-umeme cha miliamperi 30, kinachofunga umeme mara moja unapopotea njia na kupita katika mwili.

Basi, ndugu, shika haya:

– Fizibule ikikatika, ondoa vyombo kwanza, halafu weka nyingine ya amperi zilezile.
– Ikikatika tena, mwite fundi wa umeme. Usibahatishe.
– Usichomeke resho, birika na pasi kwenye prizi moja.
– Usiguse prizi wala swichi ukiwa na mikono yenye maji, au ukisimama bila viatu juu ya sakafu iliyolowa.
– Mtu akishikwa na umeme, usimshike. Zima umeme kwenye kisanduku. Kama huwezi, na ni umeme wa nyumbani, simama mahali pakavu na umsukume kwa mti mkavu. Halafu ita watu wa dispensari haraka.

Leo jioni, soma wati za vyombo vyako na ufanye hesabu pamoja na watoto. Fizibule mpya ni ya bei ndogo. Mtu hanunuliki.