Je, Wajua? Werevu wa Viumbe wa Ndani ya Kompyuta

Waliogelea bila kufunzwa

Mwaka 1994 Mmarekani Karl Sims alionyesha viumbe wa vibokisi vilivyounganishwa, wakiogelea, wakitembea na kuruka ndani ya kompyuta. Hakuna aliyewachora! Sims aliandika kanuni za maji, uvutano na msuguano tu, kisha bahati na mchujo vikafanya yaliyobaki. Kila kizazi kilikuwa na viumbe wapatao 300. Waliofika mbali walizaa, walioshindwa wakafutwa. Vizazi mia moja havijatimia, tayari kuna anayejinyonganyonga majini kama nyoka na mwenzake anayepiga kasia.

Ubongo wao ni hesabu tupu

Kinachowaendesha ni mtandao wa neva bandia: vihesabio vidogo vinavyopokea namba kutoka kwenye vihisi, vikazichanganya na kuviamuru viungo vijikunje au vinyooke. Usidharau udogo huo. Mnyoo halisi aitwaye C. elegans, mwenye urefu wa milimita moja hivi, hutafuta chakula na kukwepa hatari kwa neva 302 tu.

Ukipima vibaya, wanakuibia mchana kweupe

Hapa ndipo ninapocheka kila mara. Sims alipotaka viumbe wenye kasi nchi kavu, baadhi hawakuhangaika na miguu: walirefuka kama mnara, wakajiangusha! Ni sawa na mtu wa mita mbili kushinda mbio za mita moja kwa kudondoka kifudifudi. Kosa si lao; waliambiwa wasogee upesi, na wakasogea. Ilibidi kila kiumbe kwanza aachwe aporomoke na kutulia, ndipo saa ianze kuhesabu.

Wazazi waliokula watoto wao

Katika Polyworld, dunia ya kompyuta iliyoundwa na Larry Yaeger, kula kulileta nguvu, lakini kwa bahati mbaya kuzaa hakukugharimu chochote katika jaribio moja la awali. Basi likazuka kabila la wavivu: hawatoki, hawawindi, wanazaa tu na kuwala wanao. Inatisha, ila hesabu yao haikuwa na kasoro hata chembe.

Roboti iliyotembea bila wayo kugusa chini

Antoine Cully na wenzake walitafuta kwa kompyuta mwendo wa kila namna kwa roboti ya miguu sita, wakipima kila mguu unagusa ardhi kwa kiasi gani. Kiasi cha sifuri walidhani hakiwezekani. Roboti ikajipindua chali, ikatambaa kwa viwiko! Hazina hiyo ya miendo ilikuja kuwa na faida kubwa: mwaka 2015 walionyesha kwamba roboti iliyovunjika mguu huweza kuchagua humo mwendo mwingine na kuendelea na safari, yote kwa muda usiofika dakika mbili.

Wengine walitoka nje ya kompyuta

Mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Brandeis, Hod Lipson na Jordan Pollack waliwachukua viumbe wa namna hii, mwili na ubongo vikiwa vimekua pamoja kwa mamia ya vizazi, wakawachapisha kwa plastiki kwenye printa ya 3D. Wakatambaa kweli sakafuni, ingawa wengine waliteleza kuliko walivyofanya kwenye kompyuta. Katika utengenezaji wote, kazi kubwa ya mkono wa binadamu ilikuwa kupachika mota.