Fahamu: Je, sheria inalinda majengo ya Peramiho?

Msafiri anayetoka Madaba hadi Songea, kisha akaelekea upande wa Mbinga, hufika Peramiho. Hapa ndipo yalipo makao ya watawa Wabenediktini, ambao huduma zao za hospitali, mafunzo ya ufundi na uchapaji zimegusa karibu kila familia ya Ruvuma.

Misheni yao ilianzishwa mwaka 1898. Mwaka 1905, Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani vilipofika Ungoni, ilichomwa moto. Wajerumani walilipiza kisasi kwa ukatili: Februari 1906 waliwanyonga mjini Songea Nkosi (mtawala) Mputa Gama na makumi ya viongozi wengine wa Wangoni. Misheni ilijengwa upya baada ya hapo, na kanisa kubwa la abasia likainuliwa miaka ya 1940. Kwa hiyo thamani ya Peramiho haiishii kwenye uzuri wa kuta zake. Pale imehifadhiwa historia ya imani, tiba na ukoloni, pamoja na jasho la wenyeji waliojenga.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Jengo la baadaye hupata ulinzi huo Waziri akilitangaza rasmi. Kikomo hicho cha 1863 kimepitwa na wakati. Kinayaacha nje karibu majengo yote ya misheni za bara, yakiwemo ya Peramiho.

Wazee wanaokumbuka ujenzi wa kanisa wanazidi kupungua. Mwenye picha azihifadhi na mwenye simulizi aziandike sasa, na halmashauri zetu zianze kuorodhesha majengo haya.