Bangi Hupita Mlango wa Njaa

Mama wa mtaa wa Songo mwenye kijana katika gereza la Mulunge, hapa Uvira, hana siku ya kupumzika. Asipompelekea bugali na ndagala, kijana atashinda njaa. Ndivyo ilivyo katika magereza mengi ya Kongo: chakula cha serikali ni haba na huchelewa, basi familia ndiyo hulisha.

Gereza linaloshibishwa na sahani za nje haliwezi kufunga mlango wake. Bangi na pombe ya kanyanga hupitia humo humo, na askari mwenye mshahara mdogo au uliochelewa ni rahisi kushawishika kwa matabishi. Ndani, mambo ya kila siku huachiwa kapita, naye ni mfungwa. Mfungwa mpya hudaiwa pesa ili apate mahali pa kulala. Kwa kijana asiye na kazi wala tarehe ya kusikilizwa kesi, bangi huwa biashara na usingizi.

Msongamano huficha yote. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa ajili ya watu 1,500 lakini lilikuwa na zaidi ya 12,000 pale jaribio la kutoroka la Septemba 2024 lilipoua watu 129, kwa hesabu ya serikali. Wengi katika magereza yetu bado hawajahukumiwa.

Kupekua vyombo vya akina mama peke yake hakutoshi. Ibara ya 18 ya Katiba inataka kila mfungwa atunzwe kwa namna inayolinda uhai, afya na utu wake. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinampa matibabu sawa na ya raia aliye nje. Mombasa, gereza la Shimo la Tewa limefungua kliniki ya dawa ya methadoni kwa wafungwa walionaswa na heroini. Methadoni haitibu bangi wala pombe, lakini Kenya imekubali jambo la msingi: mraibu ni mgonjwa hata akiwa amefungwa.

Kwa hiyo serikali ianze na sufuria ya gereza, kisha mshahara wa askari. Majaji wafike Mulunge kupitia faili za wanaosota bila hukumu. Muuguzi awepo, na vijana watenganishwe na wahalifu wazoefu. Tukumbuke: Februari 2025, vita ilipokaribia, wafungwa wa Uvira walitoroka wakaingia mitaani. Wafungwa hawa ni watu wetu, na uraibu wanaoupata ndani watarudi nao Songo.